Masikio ya Mpima Mafuawe

Mume wangu ni kiziwi. Nimeanza na hilo ili nipumue, maana nililibeba kifuani miaka sita mizima, na muda wote huo tuliolijua tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Na yeye mwenyewe alikuwa analijua nusunusu.

Anaitwa Severini. Ni mhunzi hapa Somanga, kando ya barabara kuu iendayo Lindi, nyuma kidogo ya wauza samaki wanaokimbilia madirisha ya mabasi. Anafua mapanga, majembe, mashoka na misumari ya mashua. Ana miaka sitini na saba na kifua cha kijana, na ukimwambia hivyo anakivuta mbele kidogo zaidi. Kwa miaka arobaini na minne amepiga chuma juu ya chuma, na kelele zote hizo zilipita masikioni mwake. Kwa hiyo uziwi wenyewe haunishangazi. Kinachonishangaza ni ufundi wake wa kuuficha. Simu ikiita ananikabidhi mimi: "Pokea wewe, mtandao wa leo mbovu." Mtoto wetu Jerome, aliyeko Mtwara, ameshamnunulia simu tatu kwa ajili ya huo mtandao. Kanisani anasimama watu wakisimama na anakaa watu wakikaa, na mahubiri yakiwa marefu anatikisa kichwa kwa majonzi, mpaka padri anamwona muumini wa kupigiwa mfano.

Lakini Severini hakupata jina kwa mapanga. Alilipata kwa mafuawe. Fuawe ni lile bonge la chuma ambalo mhunzi analaza juu yake chuma cha moto ili akipige. Lina uso bapa, pembe iliyochongoka upande mmoja na kisigino upande wa pili. Mapya huku kwetu hayaonekani. Yaliyopo ni ya zamani, yaliyoachwa na karakana za mashamba ya mkonge, za reli na za misheni, yakatawanyika huku na kule. Kiswere tulilikuta moja limefungwa kamba, limekuwa nanga. Jingine lilikuwa linazuia mlango wa duka usibamizwe na upepo, na mwenye duka alidhani ni sehemu ya mashine ya kusaga. Kwa hiyo mtu akisikia kuna fuawe linauzwa, kabla hajatoa hela anamwita Severini alipime.

Kupima kwenyewe kuna mwendo wake. Kwanza analizunguka kimya, mikono nyuma, hata kama anajua jibu tangu mlangoni. Kisha analala chini kifudifudi kutazama kama uso umebonyea katikati, maana fuawe lililobonyea litakupindishia kazi zako zote. Anapitisha tupa kwenye ukingo. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikila, chuma ni laini, achana nalo. Halafu anatoa gololi ya chuma mfukoni na kuidondosha usoni. Fuawe zuri huirudisha gololi juu kwa hasira, na fuawe bovu huiacha ikae hapohapo imechoka. Mwisho kabisa anachukua nyundo ndogo na kuligonga, ili lilie. Hapo kwenye kulia ndipo penye siri zote. Ufa uliozibwa na kupakwa rangi unadanganya macho, unadanganya tupa na hata gololi, lakini mlio haudanganyiki.

Kwa kazi hiyo mpimaji halipwi. Wahunzi wetu wana desturi yao: aliyelipima fuawe hupewa malimbuko yake, yaani kitu cha kwanza kabisa kitakachofuliwa juu yake. Nyumbani kwetu ukuta mzima wa sebule umetundikwa malimbuko. Kuna visu, ndoana, bawaba ya mlango, hata kijiko kimoja kibaya sana ambacho mwenyewe aliomba radhi alipokileta. Vyote ni vya Severini, kila kimoja na msumari wake, na mgeni akiingia hapewi maji mpaka aonyeshwe.

Sasa mseme, mtu asiyesikia alipimaje mlio miaka sita?

Alikuwa na mimi. Marehemu mama yangu alikuwa mfinyanzi huko uwandani kwa Wamakonde, na tangu nikiwa na miaka saba nilikuwa nagonga vyungu kwa kifundo cha kidole kabla havijapelekwa mnadani. Kizima kinaita. Chenye ufa, hata kama ni mwembamba usioonekana, kinakoroma. Nilipoolewa na kukaa kwenye mivukuto ya Severini nikagundua chuma nacho ni hivyohivyo. Basi siku moja kule Kiswere, kwenye lile fuawe la nanga, nilimwona amegonga mara nne na bado anakodoa macho. Nikaelewa. Nikajisogeza karibu kama ninayemshikia mkoba, nikamchoma kiwiko kwa kidole mara moja. Akainua kichwa na kutangaza: "Zima!" Tangu siku hiyo ikawa ndiyo mtindo wetu. Kidole kimoja, zima. Viwili, lina ufa. Hatukuwahi kulizungumza hata mara moja, si kitandani wala shambani. Nilijua anachoogopa. Siku watu wakijua kwamba hasikii, hakuna atakayemwita tena, naye atabaki mzee wa mapanga.

Mwaka jana, baada ya msimu wa korosho, akaja Devota. Huyu ni binti wa marehemu Augustine, aliyejifunza uhunzi hapa kwetu akiwa kijana kabla hajahamia upande wa Lindi. Devota amesomea kuchomelea vyuma, amepata cheti, na alikuwa amepanga banda lake mwenyewe pale njia panda ya Nangurukuru. Mashine ya kuchomelea anayo, nyundo za baba yake anazo. Hakuwa na fuawe, na bila fuawe banda lile ni kivuli cha kupumzikia tu.

"Shikamoo baba mkubwa. Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu," nikajibu kwa sauti ya juu, na Severini akaona midomo yangu, akajibu na yeye.

Akatueleza kwamba muuza vyuma chakavu mmoja hapo Nangurukuru ana fuawe. Bibi yake mzaa mama, Bibi Apolonia, amemkabidhi fedha yote ya korosho za msimu na kumwambia hakuna nyingine. "Baba aliniambia, usinunue fuawe hata siku moja bila masikio ya Severini. Nikikosea hapa, mama mkubwa, nitarudi kupalilia mikorosho ya bibi mpaka nizeeke."

Hayo maneno ya mwisho aliniambia mimi, lakini Severini alikuwa ameshashika neno masikio mdomoni mwa binti, na kifua kikaja mbele.

"Haya unayaona?" akasema, akijivuta ndewe za masikio yote mawili. "Haya yamesikia kila fuawe kuanzia hapa mpaka Lindi. Wazee wa mkonge walinijua mimi. Hata nikilala nasikia."

"Na mama mkubwa naye anajua?" Devota aliuliza, akininyooshea kidole, kwa hiyo swali likaeleweka.

Severini akacheka. "Huyu? Huyu anabeba mkoba."

Nilikuwa ninapepeta mchele. Niliendelea kuupepeta mpaka chenga zikaisha, nikaendelea tu. Miaka sita, mabwana! Jua la Kiswere, mbu wa mabondeni, kiwiko chake ninakijua kuliko ninavyojua kiwiko changu, halafu mimi nabeba mkoba. Nilikasirika hasira ya kimya, ambayo ndiyo mbaya zaidi kwangu, kwa sababu ikinipanda sipigi kelele, napanga mambo. Nikaapa kwamba kesho mkoba nitaubeba kama nilivyosifiwa, na kidole changu kitabaki mkononi mwangu.

Asubuhi tulipanda kirikuu alichokodi Devota kwa ajili ya kubebea mzigo. Severini alikaa mbele na dereva, akamsimulia habari za mafuawe njia nzima bila kumpa mwenzake nafasi ya kujibu, jambo ambalo lilimfaa. Mimi na Devota tulikaa nyuma na upepo wetu. Binti alikuwa ameifunga fedha kwenye pindo la kanga kiunoni, na kila tulipopita kwenye tuta aliishika.

Mwenye chuma chakavu anaitwa Brighton. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, amekulia Dar es Salaam, kila mtu kwake ni mkuu. Tulimkuta katikati ya marundo ya rimu na injini zilizokufa, amekalia kitu kilichofunikwa gunia, ana spana mkononi, anakula muhogo wa kuchoma.

"Karibuni wakuu! Shikamoo mzee baba. Mali hiyo hapo, safi kama unavyoiona. Pendeza nayo!"

Fuawe lilikuwa mbele yake juu ya gogo, limepakwa rangi nyeusi inayong'aa mpaka unajiona. Pembe nzuri, uso umesawazishwa. Severini akalizunguka, mikono nyuma. Akalala kifudifudi kwenye vumbi na shati lake la Jumapili. Akapitisha tupa, ikateleza. Akadondosha gololi, ikaruka juu vizuri tu, si kwa hasira, lakini vizuri. Devota aliishika fedha yake kiunoni. Wafanyakazi wawili wa Brighton wakaja kutazama, na mama mmoja muuza maandazi akatua beseni lake chini. Severini anapenda sana watu wakikusanyika.

Kisha akanyoosha mkono kwangu, nikampa nyundo ndogo kutoka kwenye mkoba. Akagonga.

Nililisikia palepale. Liliita mara moja, mlio ukakatika, na nyuma yake kukabaki kule kukoroma kwa chungu kilichopasuka tumboni. Ufa upo kiunoni, umejazwa puti, rangi ikapita juu. Uso nao umechomelewa upya, ndiyo maana gololi iliruka. Nilijua yote hayo kabla nyundo haijashuka mara ya pili, nikakunja mikono yangu kifuani.

Akasubiri. Kiwiko chake kikasogea kidogo upande wangu. Sikukigusa. Akagonga tena, kikasogea tena, kikipapasa hewa. Mimi nikatazama juu, nikajifanya nahesabu mawingu.

Niseme ukweli, maana nimeahidi kupumua. Nilifurahi. Kwa muda wa pumzi mbili nilifurahi sana. Halafu nikamwona Devota anafungua fundo la kanga. Alidhani ukimya wa mzee ndiyo heshima ya fuawe zuri. Yule binti hakunikosea kitu. Nikainua kidole. Naapa nilikiinua, kilikuwa bado kama inchi moja kufika kwenye kiwiko, pale Severini alipoiweka nyundo chini.

"Devota mwanangu," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, "funga hiyo hela. Mimi sisikii."

"Husikii ufa, baba mkubwa?"

Hakuliona swali, alikuwa anaangalia mikono yake. "Sisikii kitu. Mwaka wa sita huu. Nyundo nasikia kwa mkono tu, kwamba imegonga. Aliyekuwa anasikia ni mama huyu. Yeye ananigusa, mimi nasema. Leo hajanigusa, na mimi siwezi kukuongopea hela ya bibi yako." Akageuka kunitazama. "Jana nilisema anabeba mkoba. Niliongea upuuzi."

Jamani. Kitu nilichokitaka miaka sita nilikipata mbele ya watu, na muuza maandazi akiwa amefungua mdomo, na nilichotamani ni ardhi inimeze. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, kifua kimerudi ndani, amekuwa mzee ghafla. Na aliyemfikisha pale ni mimi na mikono yangu niliyoikunja. Nililia, sifichi, kwa pindo la kanga.

Brighton yeye alicheka. Sidhani kama ulikuwa ubaya, ni ule ujana wa kucheka kila kitu. "Mpima sauti hasikii! Oya, hii kali!" Akajipiga paja, na spana ikamponyoka mkononi, ikagonga ncha ya kile alichokalia, mahali ambapo gunia lilikuwa limetoboka.

Kikaita.

Nyie, kilivyoita! Sauti nyembamba, safi, ndefu, ikaenda mpaka kwenye injini zile na kurudi. Machozi yangu yalikauka yenyewe.

"Nyamaza," nikamwambia Brighton. "Inuka hapo."

"Mama, hiki ni kiti changu."

"Inuka!"

Akainuka. Nikavuta gunia, na chini yake lilikuwepo fuawe, limejaa kutu, pembe imekatika ncha kidogo, ukingo mmoja umemegekamegeka. Kwa wahunzi fuawe halikaliwi, ni mwiko tangu zamani, kwa hiyo hata mimi sikuwahi kuwaza kwamba kuna binadamu anaweza kuliweka chini ya makalio yake na kula muhogo. Severini aliliona, akatoa mguno wa mtu aliyekanyagwa. Nikachukua nyundo mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugonga mbele ya watu. Niligonga uso, kiuno, kisigino, na kila mahali liliita vilevile, zima kuanzia juu mpaka miguuni.

"Hilo limekuja na mzigo wa mkonge," Brighton akasema, akili ya biashara ikimrudia. "Hilo wakuu siliuzi hivihivi. Tazameni ubavuni, limeandikwa. Moja, mbili, kumi. Mwaka elfu moja mia mbili na kumi! Hilo ni la masultani wa Kilwa Kisiwani, hilo ni la watalii."

Severini hakusikia hata neno moja, lakini aliona kidole cha Brighton kilipoelekea, akapiga magoti na kufuta kutu kwa kiganja. Nikaona kifua kinarudi mahali pake taratibu.

"Huu ni uzito," akasema. "Vipimo vya Waingereza. Namba ya kwanza, kila moja ni ratili mia na kumi na mbili. Ya pili, kila moja ni ratili ishirini na nane. Ya tatu ni ratili zenyewe. Jumlisha, utapata mia na sabini na nane. Ni kama kilo themanini na moja. Mkiona naongopa, mzani si ule pale?"

Wafanyakazi walilining'iniza kwenye mzani wa chuma chakavu. Kilo themanini. Ile moja imeliwa na kutu na ile ncha ya pembe. Brighton alimtazama mume wangu kwa namna nyingine kabisa, akavua miwani yake ya jua.

Severini akadondosha gololi. Iliruka juu ikampita kifuani, akaidaka hewani bila kuangalia, mshenzi yule, maana maringo hayamtoki hata siku ya toba. Halafu akataja bei. Hakulitupa chini kama chakavu, ingawa Brighton mwenyewe alikuwa amelipata kwa bei ya chakavu. Alitaja bei ya haki, akaeleza kila shilingi yake: imepungua kwa sababu ya ukingo, imepanda kwa sababu ya uso. Brighton akapata zaidi ya alivyowahi kuota kwa kiti chake, na Devota akabakiwa na fedha ya makaa. Lile la rangi tulimwonyesha Brighton ufa wake kwa ncha ya kisu. Puti ilibanduka kipande kizima. Alisema naye aliuziwa hivyohivyo, na nilimwamini, kwa sababu matusi aliyotoa yalitoka moyoni.

Fuawe tulilishusha bandani kwa Devota, tukarudi wawili nyuma ya kirikuu tupu. Karibu na nyumbani nikamgeuza uso wake kwa mkono ili anione midomo, nikamwambia, "Nilikuwa naweza kukugusa. Nilikataa kwa makusudi."

"Najua," akasema. "Ulikuwa unaangalia mawingu, na mbingu ilikuwa nyeupe peee."

"Hawatakuita tena, Baba Jerome."

"Waniitie nini mimi? Wakuite wewe."

Jumamosi ya pili Devota akaja na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Severini alikuwa ameshaandaa msumari ukutani, ameupigilia tangu asubuhi, kwenye nafasi ya pekee iliyobaki. Binti akasalimia, akampita mzee, akaja mpaka jikoni nilipokuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi, akapiga magoti na kunipa kwa mikono miwili.

"Mama mkubwa, malimbuko."

Ulikuwa ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi, wenye meno madogo yaliyopangwa sawasawa, hakuna hata moja lililopinda. Nikapitisha kidole kwenye meno yake. Severini alikuwa amesimama mlangoni na nyundo yake. Nilimwogopa kidogo. Akaja, akachuchumaa karibu yangu, akautazama ule ulimi akiugeuzageuza, kisha akanirudishia.

"Unaliaje?" akaniuliza.

Nikaugonga kwa kifundo cha kidole kama vyungu vya mama. Ukaita. Nikamsogelea, nikamchoma kiwiko mara moja.